Nyanya zangu zinakauka majani, niko Sakina Arusha, nakosea wapi?

mama_wa_Sakina
Habari zenu wadau, naombeni msaada. Nina kaeneo nyuma ya nyumba, hatua kama 10 kwa 8, mwaka huu nikasema mboga za gengeni basi. Nyanya nilisia mwezi wa tatu mwishoni mvua ilipoanza, mwezi wa nne mwishoni nikahamisha miche 40, ikashika vizuri mpaka majirani wakawa wanasifia. Sasa hizi wiki mbili wingu halitoki, kibaridi mpaka saa sita mchana, majani yanapata mabaka kama yamemwagiwa maji ya moto, kesho yake meusi, shina linakuwa la kahawia na vile vitunda vichanga vinatoka madoa magumu. Miche 11 imekufa. Jirani anasema ni kantangaze, yule mdudu wa nyanya, duka la pembejeo wakanipa dawa ya wadudu nimepiga mara mbili hola. Sukuma na mchicha wala hazina shida. Imeniuma sana kwa kweli.

mdau_Tengeru
Pole sana mama. Hiyo sio kantangaze. Kantangaze ukiinua jani kwenye mwanga unaona vinjia alivyochimba funza ndani ya jani, na tunda linakuwa na vitundu vidogo. Yako ni bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu, ndo maana dawa ya wadudu haijafanya kitu. Kesho asubuhi kabla umande haujakauka geuza jani, ukiona kama unga mweupe pembeni ya baka basi ndo yenyewe. Unapenda baridi na majani yaliyolowa, yani hali ya hewa yetu ya sasa hivi kabisa.

Ng'oa yote iliyoshika, fukia au choma, usitupe kwenye mboji. Iliyobaki ifunge kwenye vijiti, kata majani ya chini yanayogusa udongo, maji mwagia kwenye shina na iwe asubuhi sio jioni. Halafu piga dawa ya ukungu, hata za kopa (shaba) zipo, ila inakinga tu, jani lililoshika haliponi. Na soma kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuchuma, watoto wanakula hizo.

Pasua_shambani
Mimi niko Moshi Pasua, nilihamisha miche mwezi wa nne kama yeye na mpaka sasa nachuma. Nadhani shida ni nafasi kati ya mche na mche sio msimu.

bibi_kihamba
Mwanangu wa Pasua, nafasi ni kweli, sentimita 50 mpaka 60 zinatakiwa hewa ipite. Lakini nyie huko chini ni joto, Moshi mjini ni kama mita 800 na kitu, Arusha ni karibu 1,400, Sakina na Pasua hazilimi kalenda moja. Mimi niko juu Machame, nyanya za masika nilishaacha miaka mingi, kila mwaka nilikuwa nazika.

Mama, hiki kibaridi ni cha mboga za majani. Panda mnafu, loshuu, chainizi, spinachi, karoti, njegere. Usiweke viazi mviringo hapo, ugonjwa ni huohuo mmoja. Mbegu za nyanya sia katikati ya mwezi wa saba, kitalu ukiezekee nyasi, hamisha mwezi wa nane jua likianza kuwaka, tuta jipya sio hilo. Mwezi wa kumi mwishoni unachuma, kabla vuli haijachanganya. Maji tu ndo utahangaika nayo, weka matandazo mazito, hata majani makavu ya migomba.

mama_wa_Sakina
Shikamoo bibi, asanteni wote. Nimegeuza majani asubuhi hii, unga mweupe upo. Nimeng'oa 19 nimefukia nje ya uzio, imebaki 10 ya upande wenye jua nimeifunga vijiti. Kwenye tuta lililobaki wazi naweka loshuu na karoti. Bibi, kitalu naweza kuweka chini ya mparachichi au kivuli kitazidi?

bibi_kihamba
Marahaba mwanangu. Chini ya mti hapana, miche itarefuka na kulegea. Weka palipo na jua, nyasi za juu uzipunguze kidogokidogo mbegu zikishaota.