Mrejesho: kile kinachopiga "ta! ta!" usiku kwenye tangi la maji chumvi

Jamani, ni mimi niliyeuliza kuhusu mlio ndani ya tangi langu la matumbawe, wengi mkasema ni kamba vunjajungu, yule kamba wa baharini anayepasua konokono. Basi jana nikatoa lile jiwe jipya la tangini, mlio ulikotoka, nikaliweka juu ya ndoo, nikamwagia maji ya gesi kwenye tundu, hata sijakaa sawa akachomoka mwenyewe.

Kumbe ni kamba bastola! Gando moja dude kubwa, lingine kadogo, macho yamejificha chini ya gamba, wakati vunjajungu macho yake yamesimama juu ya vijiti. Mlio wenyewe gando likifunga kwa kasi linatengeneza kiputo, nacho kikibonyea ghafla ndo ta! Nimemrudisha, sasa namtafutia gobi, yule samaki mdogo, wakae shimo moja. Waifu hajafurahi.