Kutoa kutu kwenye vyuma vya zamani: siki, unga wa ndimu, molasi au umeme?

SeremalaTanga
Wakuu, habari za majukumu. Nimeachiwa sanduku la vifaa na marehemu baba mdogo: randa ya chuma, patasi, keekee na jiliwa moja zito (kile kibanio cha mezani cha kukaza kwa skurubu). Lilikaa stoo karibu kabisa na bahari, na upepo wa chumvi mnaujua. Randa na patasi zina kutu ya juu juu, ila jiliwa imeliwa mpaka skurubu haizunguki. Nasikia siki, unga wa ndimu, molasi, chaja ya betri, hata Coca-Cola. Ipi inatoa kutu bila kula chuma chenyewe? Grainda sitaki, patasi za chuma kile siku hizi kuzipata kazi.

FundiBaiskeli
Siki nyeupe mkuu, usihangaike. Loweka usiku kucha, asubuhi brashi ya waya, suuza, maliza. Gia na pedeli zote nafanya hivyo. Coca-Cola achana nayo: asidi yake ni kidogo mno, halafu sukari inakuachia unato. Kunywa.

MkemiaWaMtaani
Siki inafanya kazi, lakini ikimaliza kutu inahamia kwenye chuma. Ukiisahau humo unakuta patasi ya kijivu yenye vitundutundu. Mimi nachagua unga wa ndimu, ule ule wa urojo: gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya moto, saa chache tu, unachungulia mara kwa mara. Nguvu unaipima mwenyewe, na nyumba hainuki.

Kwa asidi yoyote, ukitoa kifaa kisuuze kwa maji yenye magadi, kikaushe hapo hapo kwa joto, upake mafuta kabla hujakaa chini. Ukichelewa, kutu ya rangi ya chungwa inarudi mbele ya macho yako. Na springi usiziloweke kabisa. Asidi ikila chuma inatoa haidrojeni, hiyo inapenya kwenye chuma kigumu na springi inakuja kukatika ghafla.

DadaWelda
Mnazunguka tu, umeme ndio wenyewe. Ndoo ya plastiki, maji, kijiko kikubwa cha soda ashi (ile ya watengeneza sabuni) kwa kila lita nne. Chaja ya betri ya volti 12, ya kizamani isiyo na akili nyingi. Waya wa hasi kwenye kifaa chako, wa chanya kwenye kipande cha nondo, na viwili hivyo visigusane. Ukikosea waya, kitakacholiwa ni kifaa.

Yanayotakiwa kuzingatiwa: nondo isiwe stenlesi, maji yake yanakuwa na sumu ya kromiamu. Usiweke chumvi ya jikoni, utajitengenezea gesi ya klorini. Mapovu unayoyaona ni haidrojeni, kwa hiyo fanyia nje na mvuta sigara akae mbali. Zima chaja kabla ya kuingiza mkono. Ukifuata hayo, chuma kizima hakipungui hata chembe, na kutu inabaki tope jeusi la kufuta. Kasoro yake ni kwamba inasafisha zaidi upande unaotazama nondo, hivyo kifaa unakigeuzageuza. Rangi nayo itabanduka.

FundiBaiskeli
Dada, hayo yote kwa patasi?

DadaWelda
Kwa patasi hapana, unga wa ndimu unatosha. Naongelea jiliwa.

MfugajiKorogwe
Jiliwa iende kwenye molasi. Sehemu moja ya molasi kwa kumi za maji, kwenye pipa lenye mfuniko, wiki moja au mbili. Ni polepole na inanuka, nzi watakutembelea, lakini inaingia ndani ya meno ya skurubu ambako umeme haufiki vizuri. Chuma kizima inakiacha. Kama kuna sehemu ya alumini ing'oe kwanza, hiyo inaliwa. Molasi ipo kwenye maduka ya vyakula vya mifugo.

MjukuuWaMrima
Samahani kuteka uzi. Nyumbani kuna gobore la babu, kibali kipo. Mtutu umeota kutu. Nalo nilitie kwenye unga wa ndimu?

MkemiaWaMtaani
Hapana!

Kibokoni
Ndugu yangu, kabla ya kutu, hakikisha halina kitu ndani. Gobore hushindiliwa kwa mdomoni, kwa nje huwezi kujua. Chukua ufito wa mti, uteremshe taratibu hadi ugote, tia alama mdomoni. Kisha uulaze juu ya mtutu kwa nje: ncha yake ifike usawa wa tundu la kuwashia. Ikiishia mbali na hapo, kuna kitu kimebaki. Usilipashe moto, usichokonoe, waite polisi au fundi bunduki mwenye leseni. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki.

Likiwa tupu, asidi bado haifai. Ile rangi ya kahawia au nyeusi kwenye mtutu nayo ni kutu, ila ni kutu iliyotulia inayokinga chuma. Ukiiondoa, umeondoa umri wa bunduki na thamani yake. Paka mafuta mepesi, yaache yapenye, sugua kwa stiliwaya laini kabisa, futa, rudia. Ni kazi ya jioni nyingi. Mafundi wengine huchemsha mtutu ndani ya maji safi: kutu nyekundu hugeuka nyeusi, inasuguliwa, inapakwa mafuta.

Chuma kilichozama baharini ni habari nyingine. Hapa kwetu Mombasa kuna meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama 1697 mbele ya Fort Jesus. Chuma cha namna hiyo ukikitoa na kukianika kinapasuka vipande kwa chumvi iliyomo. Wahifadhi hukiloweka miezi, hata miaka.

SeremalaTanga
Shukrani sana wakuu. Patasi na randa unga wa ndimu, jiliwa molasi. Baada ya hapo nipake oili chafu?

DadaWelda
Oili chafu ni ya geti. Ina masizi na asidi za injini, na randa itakuchafulia mbao. Tumia mafuta ya cherehani au nta ya nyuki. Jiliwa weka grisi.

FundiBaiskeli
Na usipake mafuta ya alizeti, yanaganda kama gundi.