Tupeane uzoefu: jambo dogo la kila siku lililokushangaza mpaka ukalifuatilia

MLETA MADA
Wakuu, habari za jioni. Leo tuache siasa na mpira kidogo.

Wengi mmeisikia habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayatia kwenye friji. Siku hiyo nafasi zilikuwa zinagombewa. Mwenzake akaweka ya kwake bila hata kuchemsha, na Mpemba akaona akisubiri atakosa, akaweka yakiwa ya moto vilevile. Waliporudi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa.

Angeweza kuishia hapo. Lakini alikwenda nalo mpaka Mkwawa, Iringa, wenzake wakimcheka, na siku Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule akanyoosha mkono akauliza tena. Osborne alikwenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya sababu. Wengine wamepima wasilione kabisa hilo la cha moto kutangulia kuganda.

Mimi huguswa na ile miaka aliyolibeba swali lake bila kulitupa. Naamini wengi humu mmewahi kuona kitu jikoni, njiani au shambani kikawanyima usingizi. Leteni.

MDAU, MOROGORO
Nauza barafu za ubuyu, nataka kujaribu hili. Napimaje?

MLETA MADA
Vikombe viwili vinavyofanana, ujazo uleule, maji ya chanzo kimoja, kimoja ya moto na kingine ya baridi, na uviweke pamoja kwenye friza. Rudia mara nyingi ukibadilishana nafasi zao, kwa sababu pembe moja ya friza inaweza kuwa na baridi kuliko nyingine. Utuletee majibu hata kama ya baridi ndiyo yatatangulia.

MDAU, MBEYA
Mimi nitasema la Rujewa, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki pete. Watu tulijaa uwanjani na miwani yetu, macho juu. Kulikuwa na mtoto karibu yangu ambaye hakupata miwani, akawa anatazama chini ya mti. Akaanza kuwavuta watu nguo. Tulipoangalia, madoa yote ya mwanga kwenye kivuli yalikuwa yamekatwa kama mwezi mwandamo, mamia kwa mamia, yamepangana kama magamba ya samaki. Baadaye yakawa vipete.

Niliporudi nyumbani sikutulia. Kesho yake nikasimama chini ya mwembe wetu saa sita mchana. Madoa ya mwanga yalikuwa duara. Nikatazama juu: nafasi kati ya majani hazina umbo lolote la maana, nyingine ni nyufa tu. Sasa uduara unatoka wapi? Mwalimu mmoja wa fizikia akanifungua macho. Kila kitundu kinapitisha picha ya jua zima na kuitupa ardhini, na jua ni duara. Toboa kadibodi kwa pini, ishike mbali kidogo na karatasi nyeupe, utaona mwenyewe. Nimekulia chini ya miembe, na miaka yote hiyo nilikuwa nakanyaga picha za jua.

MDAU, PAJE
Mbeya umenikumbusha bibi yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa analima mwani, na saa hakuwa nayo. Alikuwa akiutazama mwezi usiku, kisha anatuambia kesho maji yanakauka wakati gani, na hakosei. Nikadhani ana elimu ya siri.

Nilipokua nikaanza kuandika kwenye daftari. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50, maana mwezi nao unachelewa kuchomoza kwa kiasi hichohicho. Hilo nililitarajia. Lililonishtua ni bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndipo maji yanapokwenda mbali kabisa na kina mama wanateremka mashambani kwao, na kila ilipofika bamvua daftari lilionesha maji yamekauka saa nne za asubuhi hivi. Mwezi huu saa nne, mwezi ujao saa nne. Kumbe ndivyo inavyopasa kuwa: bamvua hutokea jua na mwezi vikiwa vimejipanga mstari mmoja, kwa hiyo kila bamvua maji yanarudi kwenye saa ileile. Bibi hakuwa na siri. Alikuwa na mwezi tu, na miaka mingi ya kuutazama.

MDAU, VOI
Ndugu zangu, nawasoma kwa heshima, lakini haya mambo yanataka mtu aliyeshiba na mwenye nafasi. Mimi ni wa bodaboda. Natoka alfajiri, narudi usiku, kichwani nina deni la pikipiki. Nishangae saa ngapi?

MDAU, DODOMA
Kaka yangu wa Voi, pole na kazi. Mimi ni mama lishe, jikoni naingia saa kumi alfajiri, na ni shida ya pesa iliyonifanya nichunguze. Nilihamisha kibanda, maharage yakawa hayaivi. Mkaa unakwisha, wateja wanasubiri. Nikalaumu maharage, nikabadilisha muuzaji, wapi! Nikatia magadi; yakalainika, lakini rangi na ladha vikaharibika.

Mvua ziliponyesha nikakinga ndoo. Nikachukua gunia lilelile, sufuria mbili, moja maji ya kisima, moja ya mvua, majiko sawa. Ya mvua yakaiva, ya kisima bado yanagonga kijiko kama kokoto! Nilipiga kelele jirani akaja mbio. Mteja wangu mmoja anayefundisha kemia akanieleza kwamba maji ya kisima yana chokaa inayoshikamana na ganda la haragwe na kulikaza. Sasa nina tangi la maji ya mvua la kupikia maharage tu. Yaliyokaa stoo muda mrefu pia hukaidi, hata ukiyapa maji mazuri, kwa hiyo nanunua ya msimu.

MDAU, VOI
Dada wa Dodoma, asante, umenijibu vizuri. Basi nami nina langu. Mchana wa jua kali hapa barabara kuu ya Mombasa unaona maji mbele yametanda kwenye lami, ukikaribia yanakimbia. Juzi nilibeba mama na mtoto wake, mtoto akaniuliza yanakwenda wapi. Nikamwambia ni mazigazi, akasema hilo ni jina tu.

Leo baada ya kuwasoma nilisimama kando, mahali peupe pasipo gari. Nikainama mpaka kidevu kikakaribia lami. Yale maji yakasogea karibu yangu! Nikasimama wima, yakarudi mbali. Nikarudia mpaka jamaa wa stage wakapiga honi.

MLETA MADA
Mkuu, hapo umeona anga. Hewa iliyogusa lami ina joto kuliko ya juu yake, inaupinda mwanga wa mbingu kabla haujafika chini, nao unakuja jichoni kama umetoka barabarani. Hupindika kidogo sana, ndiyo maana unauona pale tu jicho linapotazama karibu sawa na ardhi. Ukishusha jicho, hata sehemu ya karibu inafaa.

MDAU, VOI
Sawasawa. Jumapili napeleka mzigo ndani huko kwenye barabara ya udongo mwekundu. Nitainama huko pia nione kama udongo nao unafanya hivyo, halafu nimtafute yule mtoto.