Tupeane uzoefu: picha za kauboi tunazozipenda, na historia iliyomo ni ya kweli kiasi gani?

Mzee Kijani

Wakuu, uzi huu ni wa wapenzi wa picha za kauboi wanaofuatilia na historia yake. Taja picha, sema inaigiza mwaka gani (si mwaka ilipotengenezwa), kisha tueleze palipo sahihi na palipopindishwa.

Naanza na Tombstone ya 1993, kuhusu mapigano ya O.K. Corral (yaani zizi la O.K.) katika mji wa Tombstone, Arizona, kati ya ndugu Virgil, Wyatt na Morgan Earp pamoja na rafiki yao Doc Holliday, na kundi la kauboi la akina Clanton na McLaury. Mapigano ya tarehe 26 Oktoba 1881 yameigizwa kwa uangalifu mkubwa. Waliokufa ni walewale: Billy Clanton na ndugu wawili, Tom na Frank McLaury. Waliojeruhiwa ni walewale: Virgil na Morgan Earp, na Doc Holliday aliyekwaruzwa na risasi. Ike Clanton, kaka yake Billy, aliyechokoza tangu usiku, hakuwa na silaha. Alimng'ang'ania Wyatt, akaambiwa apigane au aondoke, akatimua mbio. Ni kweli kabisa.

Chanzo chake kilikuwa sheria ndogo ya mji, namba 9, iliyokataza kubeba silaha mjini Tombstone. Mkuu wa usalama alikuwa Virgil, si Wyatt, na ndiye aliyekwenda kuwanyang'anya. Dodge City, mji wa Kansas, nako kulikuwa na katazo kama hilo. Wazo kwamba kila mwanamume alipita mjini na bastola kiunoni limetoka kwenye picha.

Palipopindishwa ni muda. Kwenye picha Virgil na Morgan wanashambuliwa usiku mmoja. Kihistoria Virgil alipigwa risasi tarehe 28 Desemba 1881, Morgan akauawa tarehe 18 Machi 1882. Karibu miezi mitatu! Na Johnny Ringo, kauboi wa upande wa akina Clanton, hakuuawa na Doc kama picha inavyoonyesha: Julai 1882 alikutwa chini ya mti na jeraha la risasi kichwani, na uchunguzi ukasema alijiua. Jina la O.K. Corral nalo linapotosha, kwani walipigana kwenye kiwanja chembamba kando ya studio ya mpiga picha Fly, mtaa wa Fremont, nyumba kadhaa kutoka zizini.

Ukitaka kuona upotoshaji hasa, tazama My Darling Clementine ya 1946. Doc anafia kwenye mapigano, ilhali aliugua kifua kikuu hadi akafa kitandani 1887. Wamemfanya daktari wa upasuaji, naye alikuwa daktari wa meno. James Earp ameuawa akiwa kijana mdogo. Kumbe alikuwa mkubwa wa Virgil, Wyatt na Morgan, akaishi hadi 1926. Picha nzuri sana ya kutazama, lakini usiisomee historia.

Fundi Seif

Mzee Kijani umefungua vizuri. Mimi huanzia kwenye silaha, maana kila silaha ina mwaka wake.

The Good, the Bad and the Ugly inaigiza 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kati ya Kaskazini na Kusini, kampeni ya Jenerali Sibley wa Kusini huko New Mexico. Kampeni ilikuwepo, na jeshi la Kusini lilirudi Texas kwa njaa na kiu baada ya kuchomewa magari ya kukokotwa ya chakula kule Glorieta mwezi Machi. Hapo mwongozaji Leone yuko sawa. Lakini daraja linalipuliwa kwa vijiti vya dainamaiti, na Alfred Nobel aliipatia hataza 1867. Bastola ya mwigizaji Eastwood ni Colt Navy ya 1851 iliyogeuzwa itumie risasi zenye ganda. Mwaka 1862 Colt hiyo ilijazwa hivi:

Unavuta nyundo nusu ili silinda izunguke. Kwenye kila tundu unamimina baruti nyeusi, kama gramu 1.4. Juu yake unaweka goroli la risasi na kulishindilia kwa wenzo ulio chini ya mtutu. Unapaka mafuta mazito kwenye mdomo wa kila tundu. Mwisho unavisha fataki (vikofia vinavyowasha baruti) kwenye chuchu za nyuma ya silinda, moja moja.

Ukizembea kwenye mafuta, au goroli likiwa jembamba kwa tundu lake, cheche inaruka na matundu mawili matatu yanalipuka kwa pamoja mkononi. Tatizo jingine ni fataki kupasuka na kipande chake kudondokea penye nyundo, bastola ikagoma. Ndiyo maana katikati ya vita hakuna aliyeijaza akiwa juu ya farasi anayekimbia. Wengi walibeba bastola ya pili.

Colt ya 1873 ilikuja na risasi zenye ganda, ina matundu 6, ila mwenye akili alibeba risasi 5. Unaweka moja, unaruka tundu moja, unaweka nne, unavuta nyundo hadi mwisho na kuishusha taratibu. Inatua kwenye tundu tupu. Isipokuwa hivyo, ikidondoka au ikigongwa, inafyatuka.

Na tafuteni moshi. Baruti isiyo na moshi ilivumbuliwa Ufaransa 1884. Kabla ya hapo, bunduki chache tu zikilia mahali pembamba, hamwonani. Picha nyingi zinaonyesha hewa safi baada ya risasi 50.

Bi Zuhura

Fundi, niongeze la baruti. Butch Cassidy and the Sundance Kid ya 1969, kuhusu majambazi wawili wa treni: behewa linalosambaratika kwa mlipuko uliozidi kipimo ni tukio la kweli, Wilcox, Wyoming, tarehe 2 Juni 1899. Hata Woodcock, karani aliyekataa kufungua mlango, alikuwepo. Mwisho wake ndio umetiwa chumvi. San Vicente, Bolivia, Novemba 1908, walikozingirwa majambazi hao, hakukuwa na jeshi zima juu ya paa. Walikuwa askari wachache, na asubuhi maiti mbili zikakutwa ndani, kwa dalili kwamba mmoja alimpiga mwenzake kisha akajipiga mwenyewe.

Kaka Mshindo

The Harder They Fall ya 2021 inatangaza mapema kwamba watu wake waliishi kweli. Waliishi, ndiyo, ila umri na mahali vimevurugwa. Rufus Buck ameigizwa na Idris Elba kama mtu mzima mwenye himaya. Rufus halisi alikuwa kijana mdogo, genge lake lilidumu wiki chache za 1895, wakanyongwa Fort Smith tarehe 1 Julai 1896. Mary Fields hakuwa msichana wa baa: alipoanza kusafirisha barua huko Cascade, Montana, 1895, alikuwa amevuka miaka 60.

Anayeniuma zaidi ni Bass Reeves. Alizaliwa mtumwa Arkansas 1838, akawa naibu marshali wa serikali kuu (askari wa mahakama) 1875 chini ya Jaji Parker wa Fort Smith, akakamata watu zaidi ya 3,000. Hakujua kusoma, hivyo alisomewa hati za kukamatia akazishika kichwani. Mtu wa namna hii amepewa nafasi ya pembeni, wakati angebeba picha nzima.

Mama Ng'ombe

Wafugaji tuitazame Red River ya 1948. Sababu ya safari ya kuswaga ng'ombe kutoka Texas ni sahihi: baada ya vita vya Kaskazini na Kusini, ng'ombe wa dola 4 Texas aliweza kufika dola 40 kaskazini. Soko la Abilene, Kansas, lilifunguliwa 1867, kwa hiyo picha imeliwahisha kidogo.

Kasi ndiyo inayokosewa na karibu picha zote. Kundi la ng'ombe 2,000 na ushee lilikuwa na wachungaji 10 hadi 12, na lilitembea kilomita 16 hadi 24 kwa siku huku likila majani. Ukilikimbiza, mnyama anakonda na bei inaanguka. Wazoefu walikaa mbele na ubavuni. Mgeni alipelekwa nyuma kula vumbi. Usiku wawili walizunguka kundi, kila mmoja upande wake, wakiimba ili mnyama asishtuke kwa sauti ya ghafla.

Kundi likikurupuka, hupigi risasi ovyo nyuma yake. Unawahi wale wa mbele na kuwakunja upande mmoja hadi kundi lijizungushe na kusimama. Kwenye mto ni kinyume: wakianza kujizungusha majini wanazama, inabidi uwatawanye haraka. Na hawakuvushwa jua likiwa machoni, kwa sababu maji yakimetameta ng'ombe wa mbele hugoma kuingia.