Mjadala: Kikomo cha miaka 8 kinamlinda mnunuzi wa sedani ya Ulaya, au kinamletea gari linaloanza kudai?

Mtoa hoja
Wadau, hoja ni hii. Kwa kiwango cha Kenya cha magari yanayoagizwa, KS 1515:2000, gari lililotumika haliingii Kenya likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa 2026, mwaka wa usajili wenyewe ukihesabiwa, maana yake ni 2019 kuja huku. Kwa gari la kawaida la Kijapani sina ugomvi. Lakini kwa BMW 3 Series, Mercedes C-Class au Audi A4, mwaka haukuambii ni kitu gani kitakachokumaliza mfuko. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, VAT ni 16, na thamani inayotozwa kodi hushuka gari linavyozeeka. Ndiyo maana waagizaji hukimbilia gari la mwaka wa saba. Na mwaka wa saba ndio plastiki za mfumo wa kupoza injini zinakauka, bushi za mbele zinavuja, na oili ya giaboksi haijaguswa tangu kiwandani. Mwenyewe kule Uingereza anaiuza kwa sababu hizohizo. Napendekeza kikomo kiondolewe kwa sedani hizi, na badala yake kila gari lije na kumbukumbu za matengenezo zinazothibitika.

Mkaguzi wa magari
Ndugu, napinga. Tarehe ya usajili wa kwanza iko kwenye karatasi. Afisa wa Mombasa akiisoma na wa Nairobi akiisoma, jibu ni moja. Hizo "kumbukumbu zinazothibitika" ni mlango ulioachwa wazi, kwa sababu muhuri wa gereji unachongwa kwa siku moja. Uganda waliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Hebu fikiria sedani ya turbo ya miaka 14 ikishushwa Kilindini na kitabu chenye mihuri mizuri mfululizo. Ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa huangalia kama gari linafaa barabarani: breki, taa, usukani, tairi, kutu. Hakuna anayefungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) kutazama hali ya cheni ya injini. Ukiondoa mwaka, umebaki na nini cha kushika?

Wakala wa uagizaji
Mkuu, kumbukumbu zipo, na si za mihuri. Gari la Uingereza, chukua namba yake ya usajili ya kule uiingize kwenye tovuti ya serikali yao ya historia ya MOT, yaani ukaguzi wao wa lazima wa magari. Ni bure. Gari hukaguliwa kila mwaka kuanzia linapotimiza miaka 3, na kila ukaguzi huandika maili na kilichofeli. Ukikuta maili 62,000 mwaka 2023, halafu yadi inakuonyesha dashibodi inayosoma kilomita 71,000, mita imechezewa: maili 62,000 ni karibu kilomita 99,800. Soma pia maonyo madogo. Onyo la oili inayovuja likijirudia miaka miwili, ujue hakuna aliyebadilisha gasketi.

Gari la Japani, dai karatasi ya mnada yenyewe, usikubali tafsiri ya muuzaji. Gredi ya R au RA maana yake liligongwa likanyooshwa. Namba ya chasi ya tarakimu na herufi 17 ndiyo itakayokwambia lilitoka kiwandani lini na injini gani, kwa sababu gari linaweza kukaa miezi kadhaa kabla ya kusajiliwa.

Fundi, Kirinyaga Road
Mnabishania bandari ilhali magari yanayotusumbua yako hapa tayari. BMW za F30 (kizazi kimoja cha 3 Series) zilizojaa yadi za Ngong Road ziliingia miaka iliyopita na sasa zinauzwa mkono wa pili na wa tatu. Kikomo hakizigusi hata kidogo. Kwa hiyo niwape ya gereji, kisha mrudi kwa sheria yenu.

Kwanza jua injini. F30 za awali za lita 2 za petroli zina injini iitwayo N20. Reli za plastiki zinazoongoza cheni ya taimingi hukauka na kuvunjika, hasa kwenye gari zilizotengenezwa kabla ya 2015. Vipande huanguka kwenye sampu, vinaziba mdomo wa pampu ya oili, na injini inakufa kwa kukosa oili huku cheni bado iko mahali pake. Dalili ni mluzi mwembamba unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini, kati ya mizunguko 1,500 na 2,000 kwa dakika. Ukiusikia, usinunue kabla sampu haijashushwa. Ukikuta plastiki ya kahawia mle ndani, unanunua injini nzima. Injini ya B48 iliyoifuata ni bora kwa upande wa cheni, lakini angalia pale nyumba ya filta ya oili inapokutana na kipoza oili: kulanti hupenya hapo.

Mercedes C-Class ya W205 yenye injini ya M274, chomoa soketi za sumaku za kemshafti mbele ya injini. Soketi ikiwa na oili ndani, oili inatembea kwenye waya na itafika kwenye kompyuta. Audi A4 ya B8 ya kuvuta mbele yenye Multitronic (giaboksi isiyo na gia za kawaida, CVT) mimi humwambia mteja aiache, hata ikiwa bei nzuri.

Pili, giaboksi. Giaboksi ya gia 8 ya kampuni ya ZF iliyo kwenye BMW nyingi hizi inauzwa kwa maneno kwamba oili yake ni ya maisha. ZF wenyewe wanapendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka 8. Hiyo miaka 8 tena! Gari lililoingia likiwa na miaka 7 linahitaji kazi hii ndani ya mwaka wa kwanza hapa. Sampu ya giaboksi ni ya plastiki na filta imejengwa ndani yake, kwa hiyo unabadilisha sampu nzima na boliti zake. Ukimwaga, hutoka lita 5 hadi 6 tu. Iliyobaki imo zaidi kwenye konvata, kile kiungo kati ya injini na giaboksi. Kisha hapa ndipo mafundi wengi huharibu: oili hujazwa injini ikiwa inanguruma, gari likiwa sawasawa kwenye lifti, gia zote zikipitishwa moja moja, na joto la oili likisomwa kwa mashine liwe kati ya nyuzi 30 na 50. Ikianza kudondoka kwenye tundu la kujazia, funga. Aliyejaza injini ikiwa imezimwa amejaza pungufu, na baada ya wiki chache gari litaanza kuruka gia ukitoka kwenye matuta.

Mhandisi wa mitambo
Naongezea jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 17, kwa hiyo turbo inazunguka kwa kasi zaidi ili ifikie msukumo uleule, na hewa inayoingia inakuwa moto zaidi. Pia maji ya wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachoizuia kulanti isichemke ni shinikizo ndani ya mfumo, na shinikizo hilo linashikwa na kifuniko cha tangi la kulanti. Kifuniko kilicholegea kinaweza kuvumilika Mombasa, lakini hapa kwenye foleni ya Waiyaki Way kinatosha kupinda silinda hedi. Kinunue kipya siku unayonunua gari, pamoja na tangi lenyewe kama lina mistari ya kupasuka.

Weka kulanti ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Usiweke maji ya bomba. N20 ina pampu ya maji ya umeme, kwa hiyo kutoa hewa si kukanyaga petroli. Jaza tangi, funga kifuniko, unganisha chaja ya betri, washa swichi bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la juu na feni ya chini kabisa, kisha kanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho kwa sekunde 10. Pampu itajiendesha yenyewe kama dakika 12. Ongeza kulanti, rudia.

Muuza spea, Industrial Area
Wateja, msije na jina la gari, njooni na namba ya chasi. F30 mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na diski za breki tofauti. Betri iwe ya aina ya AGM yenye ampea zilezile, na isajiliwe kwenye kompyuta ya gari. Isiposajiliwa, gari linaichaji kama betri kuukuu na inakufa mapema. Na tairi: 225/50 ya rimu 17 ina ukuta wa milimita 112, 255/35 ya rimu 19 ina 89. Kwa mashimo ya Nairobi, hizo milimita 23 ndizo zinazookoa rimu isipinde. Ukiondoa ranifulati (tairi zinazotembea hata zikiisha upepo) ukaweka tairi za kawaida, kumbuka gari halina speataya. Beba pampu na dawa ya kuziba.

Mtoa hoja
Fundi, umenibadilisha sehemu moja. Kweli kikomo hakimlindi anayenunua yadi, na wengi wananunua yadi. Basi nirekebishe: kikomo kibaki, lakini yadi ilazimishwe kumpa mnunuzi namba ya chasi, historia ya MOT au karatasi ya mnada, na ripoti ya mashine ya kompyuta zote za gari. Kilomita huhifadhiwa kwenye zaidi ya kompyuta moja. Anayerudisha mita nyuma husahau nyingine.

Mkaguzi wa magari
Hiyo naiunga mkono. Ni karatasi tatu, na zote zinaweza kukaguliwa na mtu asiyejua injini. Ila isiishie yadi. Anayeuza gari lake mwenyewe mtaani pia atoe, la sivyo madalali watahamia huko wote.

Wakala wa uagizaji
Na gari likishakuwa na logbuku ya Kenya? Historia ya MOT inakoma siku lilipopanda meli. Miaka yake ya hapa haimo popote.

Fundi, Kirinyaga Road
Hapo ndipo risiti za oili zinapohesabika. Kompyuta ya BMW inaweza kukuruhusu kilomita 30,000 kwa oili moja. Kwa foleni yetu, wastani wa kilomita 20 kwa saa, kilomita 10,000 tu ni saa 500 za injini kunguruma. N20 inachukua lita 5 za oili ya kiwango cha BMW cha LL-01. Badilisha kila kilomita 8,000. Muuzaji asiye na risiti za kilomita hizo kwa miaka yote aliyolishika gari, mwombe akuruhusu ukate filta ya zamani kwa msumeno mbele yake. Ikunjue karatasi yake kwenye mwanga. Chembe za plastiki au za chuma zinazong'aa zitasema kabla ya sheria yoyote.

Na ukiwa chini ya gari, tikisa mikono ya mbele inayoshika magurudumu. Bushi zenye maji ndani zikivuja, usukani hutetemeka ukifunga breki kwenye kilomita 80 hadi 100. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja, na boliti zikazwe mwisho gari likiwa limekalia tairi zake. Zikikazwa gari likiwa limening'inia, raba hujisokota na kuchanika ndani ya miezi, halafu unaambiwa spea ilikuwa feki.