Re: "Mozhno" ni nini hasa?

Wadau, habari za baridi. Niko podfak (mwaka wa maandalizi ya Kirusi kabla ya chuo) hapa Voronezh, Urusi, na kila kona nasikia "mozhno". Mwalimu katuambia maana yake "inaruhusiwa". Sasa jana mwenzangu wa chumba kaulizwa kama atakunywa chai, kajibu "mozhno". Hapo nani kamruhusu nani?
Mgeni wa Voronezh

*

Mdogo wangu, karibu sana. Huyo kakubali chai, basi, kama sisi tunavyosema "haina neno, lete". Mwalimu hajakosea, ila ruhusa ni kipande tu cha neno hilo. Uzuri wake haligeuki: mimi, wewe, wao, ni lile lile. Litamke "mozhna", ile o ya mwisho huandikwa tu.

Sisi tumezoea "naomba": naomba maji, naomba mkate, naomba kupita. Tukifika huku wengi tunasema "ya proshu". Ni Kirusi, lakini kinanuka barua ya maombi kwa mkuu wa kitivo. Dukani sema "mozhno polovinku chyornogo?", muuzaji akukatie nusu ya mkate mweusi. Ukifika kwenye malipo, "mozhno kartoy?" (kadi iwe ya benki ya huku, maana Visa na Mastercard za nyumbani hazipiti tangu Machi 2022). Mlangoni mwa dekanati (ofisi ya mkuu wa kitivo) gonga, fungua kidogo, chungulia: "mozhno?" Hiyo ndiyo hodi yao. Usingoje karibu yenye bashasha. Ukisikia "da-da" bila mtu kuinua macho kwenye karatasi zake, ingia.

Kuna na "mozhno na ty?" Warusi wana "wewe" mbili, ty ya watu wa karibu na vy ya heshima, na hapo mtu anakuomba muache vy. Kwa kawaida mkubwa kwa umri au cheo ndiye anayeanza kuuliza. Kwa mwalimu wako wala usithubutu, nawe umelelewa na shikamoo, unaelewa.
Dada wa Kazan

*

Dada kamaliza, mimi naongezea "nelzya" tu, kinyume cha mozhno, maana ndiyo itakayokukuta hosteli. Sikiliza kitenzi kinachofuata. "Nelzya voyti": haiwezekani kuingia, mlango umefungwa, funguo haipo. "Nelzya vkhodit": mlango unafunguka vizuri tu, ila umekatazwa, labda kuna mtihani ndani. Kwenye vitabu vya sarufi hili linachukua kurasa na kurasa, mtaani unalishika kwa wiki moja.

Kwa hiyo yule mama wa mlangoni akikwambia la pili saa tano usiku, ujue bado kuna mazungumzo. Sema "nu mozhno, pozhaluysta?" kwa sauti ya mjukuu, na propusk (kitambulisho cha kuingilia) iwe mkononi tayari. Wengine hulainika. Wa jengo letu halainiki, tunawahi tu.
Kaka wa Tula