Mchana mnawachapa Yankees, jioni mnamuuza Devers! Red Sox tumelogwa na nani?

Wakuu, najua humu wengi ni watu wa kabumbu, ila tupo wachache tulioangukia besiboli huku ughaibuni, na leo nimekuja kutema nyongo kuhusu timu yangu, Red Sox ya Boston. Asiyetaka apite tu.

Juni 15, 2025, Jumapili, Fenway, uwanja wetu. Yankees wa New York, watani wetu, wamekuja mechi tatu, tumewapiga zote tatu. Ya mwisho 2-0, na Rafael Devers huyo huyo, mpigaji wetu nyota, kampiga mrushaji wao Max Fried homurani, yaani pigo la kuutuma mpira hadi nje ya uwanja. Sebuleni kwangu ilikuwa Eid. Jioni nimekaa nakula ugali, simu inaita: Devers kauzwa San Francisco Giants. Nikajua ni utani. Hebu fikiria Simba imfunge Yanga mchana, halafu kabla ya Isha utangaziwe kuwa aliyefunga bao kashauzwa!

Kisa nakijua, msinifundishe. Walimleta Alex Bregman, dola milioni 120 kwa miaka mitatu, Devers akaambiwa besi ya tatu uliyokuwa unailinda imepata mwenyewe, wewe utabaki kupiga tu, hulindi. Kanuna, baadaye kakubali. Mei Triston Casas, mlinzi wetu wa besi ya kwanza, akaumia goti, wakamrudia: haya, kalinde besi ya kwanza. Hapo akagoma. Sawa, kiburi anacho, simtetei. Lakini mtu mliyemsainisha miaka 10 kwa dola milioni 313.5 mnashindwa kumweka chini mkayamaliza?

Na tumepata nini? Warushaji wawili: Jordan Hicks, alikuja akiwa majeruhi. Kyle Harrison, moja kwa moja katupwa timu ya chini hapa hapa Worcester ninapoishi. James Tibbs na Jose Bello, vijana wa kusubiriwa. Giants wakaubeba mkataba wote uliobaki, zaidi ya dola milioni 250. Tajiri alitaka kuutua mzigo, basi aseme hivyo, asituletee ngonjera za "mwelekeo wa timu".

Kinachoniuma kuliko vyote: 2017 Devers ana miaka 20, kwao Yankee Stadium, Aroldis Chapman, mrushaji wao wakati huo, kamrushia mpira wa kasi ya kama kilomita 165 kwa saa, dogo akautuma jukwaani, mechi ikasawazishwa. Leo hii, 2025, Chapman ndiye mrushaji wetu wa kumalizia mechi. Aliyepigwa yuko kwetu, aliyempiga kauzwa!

Sasa ni Julai 2025, tumefika mapumziko ya katikati ya msimu, kila nikifungua mdomo naambiwa "tumeshinda 10 mfululizo, nyamaza". Haya tuzihesabu. Nationals tatu, Rockies tatu, Rays nne. Za Rays nazipokea kwa mikono miwili. Rockies ya mwaka huu hata sisi wa kijiweni tungeitoa jasho.

Ndiyo maana nina hasira, wakuu, maana mlango uko wazi. Kwenye kundi letu Blue Jays wako juu, wameshinda 55 na kupoteza 41, Yankees 53-43, sisi 53-45. Mechi tatu tu kutoka kileleni! Na Yankees wenyewe hoi: mrushaji wao Gerrit Cole alipasuliwa kiwiko Machi, juzi mwenzake Clarke Schmidt naye. Mwishoni mwa Mei walikuwa wanaongoza kwa mechi saba, zimeyeyuka zote. Anayewabeba mgongoni ni mpigaji wao Aaron Judge na homurani zake 35. Mwaka huu tumeshakutana nao mara sita, tumeshinda tano. Huu ndio mwaka wa kuwazika, na sisi tumeuza jembe la kuchimbia.

(Wa kukumbushia Babe Ruth, gwiji wetu wa zamani, najua. Walimuuza 1919 kwa hao hao Yankees, kombe lililofuata likaja 2004. Sitaki hata kuanza.)

Dirisha linafungwa Julai 31. Hizo hela zilizookolewa zionekane uwanjani: mrushaji wa kuanza mechi atakayemsaidia mrushaji wetu mkuu Garrett Crochet, na mtu wa besi ya kwanza. Agosti 21 tunaenda kwa Yankees, mechi nne. Tukienda na hiki kikosi tulichobakiwa nacho msije kuniuliza kwa nini sipokei simu.

Kabatini nina jezi ya Mookie Betts, nina ya Xander Bogaerts, nyota wetu walioondoka, na sasa mwanangu kagoma kuvua namba 11 ya Devers hata kulala anailalia.

Na nyinyi wa Yankees mnaocheka huko nyuma, karibuni kwenye uzi. Ila mkija mje na jina la mlinzi wenu wa besi ya tatu.